Nilivyovamia Uwanja Kumtetea Neema

Jumamosi iliyopita nilijiaibisha mchana kweupe, kwenye uwanja mmoja wa Tottenham. Binti yangu Neema anacheza besiboli, mchezo ambao mimi sijui hata una dakika ngapi. Alipozungusha gongo, likagonga glavu ya mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake. Refa akapaza sauti, akamwashiria Neema aondoke.

Nikajua mwanangu kafukuzwa. Nikavamia uwanja, pochi juu.

"Refa, huna haya! Yule mdakaji ndiye aliyeingiza mkono!"

Refa akanijibu kwa upole. "Ndivyo nilivyoamua, mama. Kosa ni la mdakaji, kwa hiyo binti yako kapewa bure kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia. Tunakusubiri wewe tu utoke."

Neema, kule kituoni, akashusha helmeti mpaka puani.