Maji ya Tangi la Juu

Kila nikisikia harufu ya mpira wa maji uliochomwa na jua, hasira hunipanda upya. Nyumbani kwetu Mabela, kwenye joto la jangwa, shangazi alimkataza dada wa kazi, Mganda, asiguse maji ya friji.

"Nshamwambia anywe ya mfereji."

Ya mfereji yalitoka kwenye tangi la juu ya paa, yakipita kwenye mpira uliolala juani, yanaunguza ulimi. Adhuhuri moja dada akaanguka uani akianua nguo, ngozi inawaka, haina hata jasho. Mama akammwagia maji baridi mpaka akazinduka, akamnywesha kidogo kidogo.

"Mwili wa mtu ni maji, wifi. Ukimnyima unamuua."

"Basi futeni sakafu, mtu asije akateleza."

Nikatoa chupa zote kwenye friji, nikazimimina miguuni mwa shangazi. Mama hakunikanya.