Waraka Niliouandika Kumhusu Mama Kadzo

Leo nimemkatiza mchungaji katikati ya ibada.

Tulikuwa tukimshukuru Mungu kwa ajili ya Kadzo, anayestaafu udaktari. Mchungaji akatoa waraka wa maombi wa miaka ya themanini, akasoma: "Mwombeeni binti huyu. Ametoka katika nyumba ya giza, kwa mama asiyejali masomo yake."

Mama mwenyewe alikuwa benchi la mbele, amejifunga leso mpya.

Nikasimama. "Mchungaji, nani amekuruhusu kumdhalilisha mzazi hadharani?"

"Lakini mama, waraka ni wako," akanijibu. "Sahihi yako hii hapa."

Ni kweli. Nilikuwa mmishonari nikiwahudumia wanafunzi wetu kule India, na kila mwezi niliyaandikia makanisa ya nyumbani yawaombee. Siku moja Kadzo, aliyekuwa mmoja wao, alilia kwa kukosa barua kutoka nyumbani.

Yaliyobaki niliyajaza mimi.

Mama Kadzo akageuka, wala hakupaza sauti. "Mwanangu, mimi kuandika sijui. Nawe kila likizo ulikuja Malindi. Kwangu Kakuyuni palikuwa mbali?"

Nikaketi.

Hasira yangu kwa mchungaji haijapoa, ingawa sina hakika kama namkasirikia yeye au najikasirikia mwenyewe.

Nanyi mliopokea nyaraka zile mkaitikia amina, mbona hakuna aliyeniuliza nilijuaje? Au nasema hivi ili nisibaki peke yangu?

Baada ya ibada niliuomba waraka ule niuchane.

Mchungaji ameurudisha kabatini. Ni kumbukumbu ya kanisa, anasema.