Siku Niliyotumwa Mbele Kutubu

Nawaambia mapema ili mtu asinikatize katikati akiniambia nitulie: sitatulia. Nikikumbuka ule uwanja wa soko la Matungu masikio hunichoma mpaka leo, na si aibu peke yake, ni hasira. Mimi Fridah, mke wa watu, mwalimu wa watoto wa Jumapili, niliyezamishwa mtoni nikabatizwa nikiwa bado msichana wa shule, nilisimama mbele ya soko zima kama mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Yesu, na kabla giza halijaingia nilikuwa nimeshakuwa mchoma miwa.

Kanisa letu lilikuwa na mkutano wa injili. Mwinjilisti alitoka Nairobi, viatu vinang'aa mpaka unaona mawingu ndani yake, na spika alizokuja nazo zilikuwa kubwa kuliko jiko langu. Alihubiri vizuri, sitamsingizia, watu walicheka, watu wakapiga makofi. Lakini nilimsikiliza jioni zote hizo nikingoja neno toba, na sikulisikia. Ilikuwa ni milango kufunguka, ni baraka, ni njoo kama ulivyo, rudia maneno haya nyuma yangu, umemaliza, enda nyumbani. Sisi Wabatisti wa huku tulifundishwa tofauti. Yule mzee aliyenifundisha darasa la ubatizo alikuwa anatuambia toba ni kugeuka: ulikuwa unaenda huku, umeharibu kitu njiani, basi geuka urudi pale pale ulipoharibu. Hakutuambia ni kuinua mkono.

Sasa, jioni ya mwisho ukafika ule wakati wa mwaliko. Wale ambao si wa kwetu niwaelezee: mahubiri yakiisha, kwaya inaimba wimbo wa polepole, na mhubiri anawaita watu waje mbele waokoke. Wakikataa kuja, wimbo unarudiwa. Wakizidi kukataa, unarudiwa mpaka sauti ya tatu inakauka koo. Jioni hiyo hakuna aliyesonga. Watu walisimama wakitafuna miwa na kutazama jenereta.

Kwa hali kama hiyo tuko na dawa yetu, ambayo kila Mbatisti wa huku anaijua na hakuna anayeitaja kwa sauti. Tunaiita kufungua njia. Mtu mmoja wa kanisa, ambaye aliokoka zamani, anatumwa aende mbele kimya kimya, ndio wale wenye haya wapate wa kumfuata (ni vile unavyomwaga mahindi kidogo kuku waje). Basi nikahisi mtu ananigusa bega. Ni Shemasi Erasto, mwenyekiti wa mashemasi, ambaye shamba lake linapakana na la jirani yangu.

"Dada Fridah, tafadhali, enda utufungulie njia."

"Si uende wewe?"

"Mimi ni shemasi. Itakaa vibaya."

(Na kwangu ilikaa vizuri?) Ningekataa hapo, nisingekuwa na la kuwasimulia leo. Lakini ukishazoea kuitwa mama wa kanisa, kukataa kunakuwa kugumu, na kusema kweli nilijisikia mtu muhimu kidogo. Nikampa mume wangu, Baba Shiundu, mkoba anishikie. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia narudi sasa hivi, nikapita katikati ya watu nimeinamisha kichwa vile wenye dhambi huinamisha.

Nilidhani nitasimama tu pale, wengine waje, tuombewe sote kwa jumla, nirudi kwa mkoba wangu. Yule mwinjilisti alikuwa na mawazo mengine. Alinirukia na maiki. "Mama, Mungu amekugusa. Waambie watu hawa amekutoa wapi."

Jamani, hebu fikirini. Watu wote hao kimya, na mimi natafuta dhambi. Nikisema uongo, wataniuliza uongo gani. Nikisema wizi, kesho mtu akipoteza kuku, ingokho yake moja tu, anakuja kwangu. Nikisema zinaa, mume wangu yuko pale na mkoba. Nikatafuta dhambi ndogo, safi, ambayo kila mtu anayo na hakuna anayemlaumu mwenzake, nikasema, "Nimekuwa na hasira na jirani."

"Jirani yupi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angezimia. Mimi nikajibu. "Mama Makokha," nikasema, kwa sababu mbuzi wake waliingia kwa sukuma wiki yangu wakati fulani, tukarushiana maneno, yakaisha, na hata hiyo asubuhi tulikuwa tumesalimiana. Nilikuwa nimesahau jambo moja tu. Miwa ya Mama Makokha, iliyokuwa imekomaa inangoja kukatwa, ilikuwa imeungua juzi juzi, shamba zima, na hakuna aliyejua nani aliichoma. Na miwa ikishaungua haingoji mtu. Trekta za kuibeba upesi kiwandani hazikufika kwa wakati, ikamkaukia pale shambani akiitazama.

Mwinjilisti akauliza kama Mama Makokha yuko. Alikuwepo, nyuma kabisa, na mfuko wake wa dagaa wa omena, na watu wakamsukuma mbele wakidhani wanamsaidia. "Leo mtaona upatanisho kwa macho," mwinjilisti akasema, akampa maiki. Mama Makokha akanitazama, akatazama watu, akanitazama tena.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Kila asubuhi tunasalimiananga, na kumbe ni wewe ulichoma miwa yangu."

Nikasema hapana, ni hasira ya mbuzi, ni mbuzi tu. Lakini maiki haikuwa kwangu tena. Maiki ilikuwa kwa mwinjilisti, naye alikuwa anaruka. "Amekiri! Amekiri, pigeni makofi!" Kwaya ikaingia na wimbo wa haraka. Na sasa watu wakaja mbele, nawaambieni walikuja mbio, walikuja wakikanyagana, wanione uso vizuri, na yeye akawahesabu wote kuwa wameokoka. Halafu akawaambia waliobaki wafumbe macho, mwenye haya ainue tu mkono, hakuna anayetazama, ukiinua imeisha, enda ukalale usingizi wako. Mimi nilikuwa nalia, na watu wakadhani ni Roho.

Asubuhi yake naibu wa chifu alikuwa kwangu anauliza maswali. Kisimani wamama walinyamaza nilipofika. Watu wa miwa wanamwogopa mchomaji kuliko mwizi, kwa sababu mwizi anachukua cha mmoja na moto hauchagui. Baba Shiundu aliniuliza swali moja tu, "Ulienda kufanya nini kule mbele?" na kila nilipomweleza habari ya kufungua njia alitikisa kichwa, kwa maana yeye ni wa kanisa lingine na kwao mambo hayo hayapo.

Halafu kikaja kikao cha kanisa. Kwetu hakuna askofu wa kuamua, washiriki wenyewe ndio huamua, kwa kuinua mikono. Mchungaji akasema dada alikiri kwa kinywa chake. Nikasimama, nikasema nilitumwa, muulizeni Shemasi Erasto. Shemasi akasema ni kweli alinituma kufungua njia, lakini yale niliyotamka hakuniwekea mdomoni. Akakaa. Mama mmoja wa kwaya akanivuta kando na kuninong'oneza, "Fridah, si utubu tu yaishe? Toba haiumizi mtu."

"Nitubu nini?"

"Hiyo ya moto."

"Nitubu ambalo sikufanya, mbele za Mungu?"

Akaniona kiburi. Wakapiga kura. Mikono ikapanda, nikaiona mmoja mmoja, ya watu ambao nimewasongea ugali, obusuma ya sufuria kubwa, kwenye matanga ya wazazi wao. Ukapanda na wa Shemasi Erasto. Nikawekwa kando, nisishike darasa la watoto, nisishiriki meza ya Bwana mpaka nitubu. Jumapili ya meza, sinia ya mkate ilipita mbele ya magoti yangu ikaenda kwa mwingine, na yule aliyeibeba aliangalia dirishani. Nilitaka kuipiga teke. Ndiyo, nasema hivyo hivyo, nilitaka kuipiga teke.

Basi alasiri moja nilikuwa jikoni nachambua mboga nikamwona Shemasi Erasto mlangoni, kofia mkononi. Sikumwambia keti, akaketi mwenyewe.

"Dada Fridah," akasema, "ile miwa ni mimi."

Nikaendelea kuchambua mboga kwa sababu mikono haikujua la kufanya. Akaeleza. Alikuwa amevuna, akawasha takataka zilizobaki shambani, upepo ukageuka, moto ukaruka mpaka wa shamba. Alijaribu kuuzima, akashindwa, akakimbia.

"Na hukusema."

"Nilitubu. Ile jioni ya mwisho, uwanjani, tukiwa tumefumba macho, niliinua mkono. Mwinjilisti alisema imeisha."

"Halafu kwa kikao ukainua mkono tena, wa kunitoa mimi. Ulikuwa ule ule, au ulibadilisha?"

Akaweka kofia gotini.

"Kama imeisha, umefuata nini kwangu?"

"Silali," akasema. "Nilikuwa nataka unisamehe tu, hapa, sisi wawili. Mungu ameshanisamehe."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia Mungu hakuwa na miwa pale. Nilimwambia nimekaa nje ya meza kwa dhambi yake, watoto wangu wanaitwa wa mchoma miwa shuleni, mume wangu ananitazama kama mgeni, na yeye anakuja kutubu kwa mlango wa jikoni ambako hakuna wa kumsikia isipokuwa sufuria. Nikamwambia enda kwa Mama Makokha, halafu enda kwa kanisa, pale pale waliponitoa. Usipoenda Jumapili, nitaenda mimi. Sauti yangu ilisikika mpaka barabarani, na sikujali.

Jumapili akasimama. Mchungaji alisema shemasi wetu ana neno. Mama Makokha alikuwa amekaa kwa benchi lake la nyuma, na kwa vile alivyofungua kitabu cha nyimbo taratibu nikajua huyu mtu hajafika kwake. Shemasi akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Wapendwa," akasema, "sisi sote ni binadamu. Kama kuna yeyote ambaye nimemkosea kwa njia moja au nyingine, naomba anisamehe, vile na mimi nimewasamehe wote."

Kanisa likaitika amina. Amina kubwa. Mtu akaanza wimbo.

Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka mama wa kando akinivuta sketi, na nakumbuka nikiikung'uta. "Shemasi," nikasema, "taja."

Wimbo ukakatika. Mchungaji akasema, Dada Fridah, wewe umewekwa kando, hapa huna ruhusa ya kuongea. Nikamwambia basi nifukuzeni kabisa, nitaongea nikitoka. "Taja kitu chenyewe. Taja na mwenyewe."

Akatazama mlango. Nilidhani atatoka mlangoni, na nadhani yeye pia alidhani hivyo. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Miwa ya Mama Makokha. Moto ulitoka kwangu. Fridah hakuchoma."

Sasa mnafikiri kanisa lilifanya nini? Lilimtazama mchungaji. Mchungaji akasema tumshukuru Mungu kwa ushindi, jambo hili litaenda kwa kikao. Ushindi! Hakuna aliyegeuka kunitazama, hata wale ambao vidole vyao niliviona angani. Ni Mama Makokha peke yake aliyeinuka. Nikajua anaenda kwa Erasto, na moyoni nikasema mfinye masikio mama, nitakushikia. Akampita. Akaja mpaka benchi langu, akasimama mbele yangu na viatu vyake vya Jumapili.

"Fridah," akasema, "nilisema umechoma miwa yangu. Sikuwa nimeona. Nilisema mbele ya watu, na hata kwa kisima nikaendelea kusema, na watoto wako nikawaita vibaya. Nimekosa."

Huyo ndiye aliyechomewa. Huyo ndiye aliyepoteza shamba zima, na ndiye aliyetaja kosa lake moja kwa moja, bila "kama kuna yeyote". Ningependa kuwaambia nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni na haikuwa na mahali pa kwenda, nikakaa nimeduwaa kama gogo, yeye naye akasimama, akangoja, hakunihimiza. Mwisho nikasogea kidogo kwa benchi. Akakaa. Tukabaki hivyo mpaka ibada ikaisha, na kurudi tulirudi pamoja, hatukuongea mengi.

Kikao kilinirudisha, kwa kuinua mikono. Shemasi Erasto si shemasi tena, na siku hizi namwona kwa shamba la Mama Makokha na jembe, anapanda mbegu ya miwa, mtu anayepita akimsalimia anajibu bila kuinua kichwa. Hiyo ndiyo toba ninayoijua mimi, ingawa ilibidi apigiwe kelele. Darasa la watoto nimerudishiwa. Meza nashiriki. Wale wa kwaya wananichekea kana kwamba nilikuwa nimesafiri. Lakini mpaka leo hii hakuna hata mmoja wao aliyekuja kuniambia, Fridah, na mimi niliinua. Nawangoja, na sichoki haraka.

Mwaka huu mwinjilisti mwingine anakuja, na juzi mchungaji ameanza kunizungukazunguka akiuliza kama nitakuwepo. Nitakuwepo, nimemwambia, kwa benchi, na mkoba wangu nimeushika mwenyewe. Akihitaji mtu wa kufungua njia, amtume aliye na kitu cha kutubu. Hilo kanisa limejaa, hatamkosa.