Mashine Yangu Haisemi Uongo

Mimi ndiye niliyewazuia wanakwaya wenzangu hapa Bumbuli wasiende kurekodi kwenye studio ya kompyuta, kule Lushoto mjini.

"Kompyuta inarekebisha sauti," niliwahubiria. "Hata mbuzi anatoka mwimbaji! Mashine yangu haisemi uongo."

Mashine yenyewe ni ya kurekodia tu, kubwa kama sinia, na sauti ya kila mwimbaji inakaa peke yake, na swichi yake.

Basi tukarekodi sebuleni kwangu, madirisha tumeyaziba kwa magodoro. Tulipousikiliza wimbo, kulikuwa na sauti moja inaharibu kila kitu. Nikamgeukia Mama Shemdoe, mwimbaji wa sauti ya kwanza, rika la mama yangu mzazi.

"Mama, samahani, lakini nadhani ni wewe."

Hakukasirika. "Sawa, mwanangu. Si ulisema mashine inatoa sauti moja moja? Hebu tusikie."

Nikashusha swichi zote kwa madaha, nikapandisha ya kwake. Safi kabisa. Nikapandisha ya pili, safi. Ya tatu, safi. Ikabaki ya besi, yaani yangu.

"Umeme unasumbua," nikasema.

Mama Shemdoe akanyoosha kidole, akaipandisha mwenyewe. Sebule nzima ikasikia ng'ombe aliyekwama matopeni.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama Shemdoe akajifunga kanga yake vizuri, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, ile studio ya kompyuta wanafungua saa ngapi?"