Kwenda Iringa Kujifunza Kuvuka Barabara

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba sipendi kwenda sokoni, kwamba kwaya huniumiza kichwa, na kwamba chai ya maziwa haipatani na tumbo langu. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Soko, kanisa na jirani yangu mwenye chai nzuri vyote vilikuwa ng'ambo ya barabara kuu pale Iyunga, nami nilikuwa naogopa kuvuka. Mguu wangu wa kushoto ulikauka kwa polio nikiwa mtoto huko Tukuyu, na tangu barabara ilipotiwa lami na malori ya Zambia yakaanza kupita na matela yao, kuvuka kwa fimbo kulikuwa kama kuingia mtoni bila kujua kina. Hata shule niliyofundisha ilikuwa ng'ambo. Huko nilivuka kila asubuhi katikati ya kundi la wanafunzi, nikijifanya ninawasimamia.

Mwishoni mwa muhula mmoja nilivuka peke yangu, nikaanguka katikati ya lami. Dereva wa lori la mafuta alikanyaga breki mpaka nikaweza kuona vifungo vya shati lake. Hakunitukana. Alishuka, akaniokotea fimbo, akaniamkia shikamoo kama bibi yake, na shikamoo ile iliniogopesha kuliko breki zake.

Mkuu wetu wa shule, mtu mwema anayeogopa lawama kuliko anavyoogopa radi, aliniita ofisini. Alisema ofisi ya elimu mjini ilikuwa na nafasi ya kazi ya kukaa, kazi ya kugonga mihuri. Nikamjibu kwamba chuo kikuu nilisomea historia, sikusomea mihuri. Akafikiri kidogo, akasema amesikia kwamba kuna kanisa Iringa lenye karakana inayotengeneza baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuendesha kwa mikono. Nikirudi nayo kabla shule haijafunguliwa, na yeye akiridhika kwamba ninavuka salama, darasa langu litabaki langu. Vinginevyo, mihuri.

Alfajiri ya safari nilipanda basi la kwenda Iringa nikakaa mara tu nyuma ya dereva, mahali ambapo watu wenye akili hawakai. Nilitaka kuiona barabara kwa macho yake. Tulipopita Uyole jua lilikuwa linachomoza, na wanawake wenye matenga ya viazi walikuwa wamesimama kando ya lami wakisubiri nafasi ya kuvuka. Kwa mara ya kwanza niligundua jinsi mtu anavyokuwa mdogo akitazamwa kutoka juu ya usukani. Nilijiuliza itakuwaje nikiwa nimekaa, kichwa changu kikiwa usawa wa taa za lori.

Igawa tulisimama kusubiri ng'ombe. Walikuwa wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka kaskazini. Mchungaji mmoja alisimama ukingoni akamkazia dereva wetu macho, wala hakuondoa macho mpaka dereva alipopunguza mwendo na kuinua kiganja. Ndipo akapiga mluzi. Ng'ombe walivuka moja kwa moja kama mstari wa rula, hata mmoja hakupita mshazari. Mimi mwenye shahada niliwaonea wivu.

Makambako, pale barabara ya Njombe inapochepuka, abiria walishuka kunywa chai. Mimi nilibaki dirishani nikitazama lori likikata kona. Kichwa kilipita salama, lakini tela lilifagia ukingo mahali ambapo muda mfupi uliopita alikuwa amesimama mbuzi. Mbuzi alikuwa ameshaondoka, kwa hatua za mtu asiye na haraka. Nikasema moyoni kwamba kama mbuzi wa Makambako anajua lori lina mkia, hata mimi nitajifunza.

Mafinga palikuwa na baridi ya kukata masikio, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya misonobari. Abiria aliyeketi karibu nami, mama wa Kihehe aliyekuwa akirudi kutoka kwa binti yake, aliniuliza naenda kufanya nini Iringa. Nilimwambia naenda kusoma. Akanitazama mvi, akanitazama fimbo, akasema elimu haina mwisho, kisha akalala.

Jioni tuliingia Ipogolo, chini ya mlima wa mji, basi likaanza kupanda ule mwinuko likilalamika kwenye kila kona. Katikati ya mteremko niliona kitu ambacho sikukisahau tena. Mwanamke aliyevaa koti la kiume na kilemba chekundu alikuwa anashuka upande wake wa kushoto, ameketi kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, mgongo umenyooka kama wa bibi harusi. Nyuma ya kiti kulikuwa na ufito mrefu wenye kitambaa chekundu kilichopepea juu kuliko paa la gari dogo. Dereva wetu alimpigia honi fupi ya heshima. Yeye hakugeuka wala hakuinua mkono.

"Huyo ni Mama Vaileti," dereva alisema. "Usimsalimie njiani. Hajibu."

Asubuhi iliyofuata, uani pa karakana, nilijulishwa kwake, na nikaelewa kwamba hapo baiskeli haikabidhiwi kwa mtu mpaka Mama Vaileti amfundishe. Alikuwa muuza maharage sokoni. Miguu yake yote miwili haikufanya kazi tangu utotoni, na alijisifu bila kupumzika: kwamba madereva kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka wanamjua, kwamba hakuna njia panda Iringa isiyomjua, kwamba angezaliwa na miguu angekuwa mtu wa kawaida tu. Nilitafuta chembe ya uongo katika majigambo hayo, nikaikosa.

Alinionyesha baiskeli yangu. Pedeli zilikuwa mbele ya kifua, zikizungushwa kwa mikono, mnyororo ukilivuta gurudumu la mbele. Mikono hiyohiyo ndiyo iliyogeuza usukani, na breki ilikuwa hapohapo chini ya vidole.

"Miguu yako, usukani wako na breki yako, vyote viko kwenye mikono," alisema. "Ukiipeleka kwingine, umeshuka garini na gari linaendelea."

Siku za mwanzo tulizunguka barabara tambarare karibu na kanisa, yeye mbele na mimi nyuma, mabega yakiniuma kama niliyetwanga mahindi ya kijiji kizima. Alinifundisha kwamba lami ina mgongo, imeinuka katikati na kuteremka pembeni, kwa hiyo baiskeli hutaka kukimbilia mtaroni, nawe unairudisha taratibu. Alinifundisha kutafuta mahali ambapo ukingo wa lami umelingana na udongo pande zote mbili, kwa sababu gurudumu likinasa ukingoni utabaki barabarani kama kigingi. Kisha tukaenda kwenye njia panda ya sokoni. Pale unasimama kabisa, wala husimami nusu. Unatazama kulia, kushoto, na kulia tena. Unamtazama dereva usoni mpaka akupe ishara, kwa sababu wewe kumwona si sawa na yeye kukuona. Hukai kamwe kushoto mwa lori linalotaka kukata kushoto. Kichwa cha lori kikipita, unahesabu na mkia wake. Ukishaanza kuvuka, unavuka moja kwa moja, husiti.

Nilimsimulia habari za ng'ombe wa Igawa na mbuzi wa Makambako. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Akasema basi kazi yake imepungua, nimeshafundishwa na mifugo.

Siku moja kabla ya kuondoka ndipo nilipoharibu. Nilikuwa katikati ya njia panda, nikivuka vizuri, nikijisikia kama malkia, mzee mmoja mwenye fimbo akanisalimia kwa Kihehe kutoka upande wa pili: "Kamwene, mama." Sasa nieleweke. Kwetu mwanamke hulelewa kuchutama anapomsalimia mzee. Mguu wangu ulipokataa kuchutama, mama yangu aliipa mikono kazi yote: nilifundishwa kukutanisha viganja vyote viwili kifuani na kuinamisha kichwa, kwa unyenyekevu maradufu, ili pasiwe na mtu wa kusema binti kilema hana adabu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Kwa hiyo nilifanya hivyo. Viganja vilikutana, kichwa kikainama, na nikamjibu mzee wa watu salamu yake kwa ukamilifu, huku gurudumu la mbele likijigeuzia lenyewe na baiskeli ikinipeleka kwa utulivu kuelekea kwenye basi.

Basi lilisimama. Mzee alifumba macho. Mama Vaileti aliningoja nifike pembeni ndipo aseme, na hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hiyo mikono ni ya nani?"

"Yangu."

"Ni ya mama yako. Mimi nataka yako."

Nilimwambia siwezi kumpita mzee kimya, kwamba afadhali nigongwe kuliko kuambiwa nina kiburi. Nilisema kwa mzaha, lakini wote wawili tulisikia kwamba haukuwa mzaha. Halafu akaniambia kwamba yeye pia alisemwa, miaka mingi, kwamba Mama Vaileti kiti kimempa majivuno. Wakamtania sokoni wakimwita mke wa mkuu wa mkoa. Aliwaacha. Lakini kila alipofika ng'ambo alisimama, akaigeuza baiskeli nzima, akamsalimia kila aliyemwacha nyuma, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

"Salamu haiozi, mwalimu," alisema. "Itakungoja upande wa pili."

Nikamwuliza kama nimefuzu. Akasema hapo hawezi kujua, kwa maana wazee wa Iringa si wazee wangu. Mtihani uko kwetu. Alichukua jina la shule, akaniambia mkuu wangu akitaka neno lake apige simu ofisi ya kanisa, naye ataitwa kutoka sokoni.

Nilirudi Mbeya baiskeli ikiwa imefungwa juu ya basi, na kitambaa chekundu cha ufito wake nikiwa nimekikunja mkobani kama vyeti. Mama Vaileti alitusindikiza hadi Ipogolo kwa magurudumu yake. Nilipompungia mkono kutoka dirishani alikuwa bado anateremka, kwa hiyo hakunijibu. Niligeuza shingo nikamtazama mpaka alipofika chini, akasimama, akaligeukia basi letu lililokuwa mbali tayari, na kuinua mikono yote miwili.

Iyunga, asubuhi ya kufungua shule, nilifika ukingoni mapema. Mkuu alikuwa amesimama langoni ng'ambo na kaunda suti yake, akijifanya anakagua maua. Nilisimama. Nikaruhusu lori lipite na mkia wake. Nikamtazama dereva wa gari dogo mpaka akainua kiganja. Nikaanza kuvuka.

Nilipofika katikati, kwenye mgongo wa lami, sauti niliyoijua ilinisalimia kwa Kinyakyusa kutoka nyuma: "Ugonile, Tusekile?" Alikuwa Mzee Asegelile, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu aliyemjua marehemu mama yangu. Viganja viliwaka moto. Nahisi hata pedeli zilijua. Lakini mikono ilibaki pale ilipo, ikazunguka, ikazunguka tena, mpaka magurudumu ya nyuma yakashuka kwenye udongo. Nikageuza baiskeli nzima. Nikakutanisha viganja, nikainama, nikaanza salamu tangu mwanzo. Wakati huohuo lori la Zambia likapita kati yetu na tela lake refu. Lilipomalizika, niliona mgongo wa Mzee Asegelile ukienda zake.

Saa ya chai niliitwa ofisini. Mzee Asegelile alikuwa ameshaketi, kofia magotini. Mkuu alisema kwa huzuni kwamba kuvuka nimevuka, yeye mwenyewe ameona, lakini mwenyekiti anauliza wazazi watasemaje juu ya mwalimu asiyejibu salamu ya mzee. Mzee hakuwa na hasira. Ilikuwa mbaya zaidi: alikuwa ameumia. Alisema mama yangu asingeamini. Nilieleza habari za lori lililopita katikati, na nilijisikia nikieleza kama mwanafunzi aliyechelewa. Mkuu, ambaye siku zote hutafuta mtu mwingine wa kubeba uamuzi, aliivuta simu yake, nayo ikiwa ya kuzungushwa kwa mkono, akaomba Iringa.

Tulingoja. Opereta alikatika, akarudi. Kisha tukasikia wote watatu, kwa sababu Mama Vaileti aliongea na simu kama anavyoongea na soko. Mkuu alijitambulisha, akasema ana malalamiko. Mwalimu wake amesalimiwa na mzee wa kwao kabisa, tena mzee wa kanisa, naye amempita kimya.

"Alikuwa wapi?" sauti iliuliza.

"Barabarani. Katikati."

"Na mikono?"

Mkuu alinitazama, kisha akatazama dirishani, kuelekea lami. "Haikutoka kwenye pedeli."

"Alipofika ng'ambo alifanya nini?"

"Aligeuza baiskeli," mkuu alisema polepole. "Alisalimia. Nilidhani anamsalimia dereva wa lori."

Waya ulivuma kidogo. "Basi huyo amefuzu," alisema Mama Vaileti. "Mwambie na huyo mzee pole, kwa niaba yangu. Wangu wa Iringa walichukua miaka kuzoea."

Mkuu akarudisha mkono wa simu mahali pake. Mzee Asegelile aliigeuza kofia yake mara moja, akaivaa, akasimama, akaniuliza huwa navuka saa ngapi asubuhi. Nikamwambia.

"Kesho," alisema, "nitakuwa nimeshavuka. Nitakungoja upande huu."