Kinoo cha Gershom Munga

Kule Utange, ukimwona mwanamume ana kipara mkononi, vinyweleo vimejaa kote isipokuwa pale juu ya kifundo, jua ametoka kibandani kwa kinyozi Gershom Munga. Kila akimaliza kunoa wembe, Gershom lazima ajaribu makali. Vinyweleo vyake mwenyewe vilikwisha zamani, vya miguuni vikafuata, na sasa akawa hana budi kuomba kwa wateja. "Hebu lete mkono, ndugu yangu," husema kwa upole, na mtu hashtuki ila kipara kimeshapatikana.

Mashine ya umeme alikuwa nayo, ya watu wenye haraka. Lakini ndevu alizinyoa kwa wembe wa kukunja, na wembe aliunoa kwa kinoo cha kijivu alichoachiwa na marehemu Abubakar, aliyemfundisha kazi. Lilikuwa jiwe la mtoni, laini kama kipande cha sabuni iliyokwisha kutumika. Akilitia maji na kuuvuta wembe juu yake pole pole, mlio wake ulikuwa mwembamba, kama mama anayembembeleza mtoto.

Wiki ya arusi ya Kyalo, dereva wa lori, kinoo kikatoweka. Na Kyalo alikwisha apa kwamba siku hiyo mashine haitamgusa shavu.

Gershom akapekua kibanda, akapekua nyumba, mwisho akamwendea mkewe, Mbeyu, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Jiwe langu limekwenda wapi?"

"Jiwe gani? Nyumba hii ina mawe kila pembe, Baba Ruth."

"La kijivu."

"Yote ya kijivu."

Asubuhi yake akapanda bodaboda hadi machimbo ya Mwakirunge. Mchimbaji mmoja, Ngowa, alimkuta amechutama na wembe mkononi, anatemea jiwe mate na kulisugua kwa kidole.

"Mzee wangu, umepoteza nini?"

"Natafuta jiwe."

Ngowa akatazama mbele, mawe; akatazama nyuma, mawe. "Basi umefika," akasema.

Tabu ni kwamba mawe ya pale ni ya matumbawe, yamejaa matundu. Gershom alijaribu moja, wembe ukalia krrr, moyo wake nao ukalia vivyo hivyo. Hata hivyo akajipa matumaini. "Lete mkono," akamwambia Ngowa.

Ngowa alipiga ukelele uliowasimamisha wenzake wote. "Mzee! Huu wembe ama msumeno?"

Lakini alikuwa na roho nzuri. Alimchagulia kipande kilichokuwa na nafuu, na Gershom akakichukua, kwa kuwa kurudi mikono mitupu kulimtia haya.

Alasiri alikuwa kwenye benchi la kibanda, kipande kile miguuni, wembe umepata mapengo. Jirani yao Mwanakheri, shoga yake Mbeyu, akapita.

"Shemeji, mbona umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa?"

Gershom akainamisha uso asionekane majonzi. Ndipo macho yake yakaangukia visigino vya Mwanakheri. Visigino hivyo alivijua vina mipasuko ya kupotelea punje ya mahindi. Leo viling'ara kama shavu la bwana arusi.

"Shemeji," akasema taratibu, "miguu hiyo umeisugua na nini?"

Mwanakheri akavua kandambili na kuinua mguu. "Umeiona! Mume wangu mpaka leo hajaiona! Ni jiwe alilonipa Mbeyu. Wallahi, lile jiwe lina baraka."

Gershom akang'amua. Kinoo cha marehemu, bafuni, kwenye gaga la visigino! Ghadhabu ilimpanda, lakini mwanamke aliyefurahi namna ile utamnyang'anya kwa uso gani? Akaokota kipande cha Mwakirunge.

"Lile ni la kuanzia tu. La kumalizia ndilo hili. Tazama matundu yake. Tubadilishane."

Alikuwa akidanganya, masikini, kwa shida aliyokuwa nayo. Mwanakheri akajaribu palepale, akatoa macho. "Loo! Hili linang'ata hasa!" Akaenda mbio kwake, akarudi na kinoo kimefungwa ndani ya leso, kinanukia sabuni ya waridi. Mbeyu aliposimuliwa alicheka hadi akaushika mlango.

"Mimi nilidhani ni la kupondea vitunguu tu, nikampa!"

Gershom akakitia kinoo maji. Alinoa hadi mapengo yakaisha, kisha akaupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi. Akamtazama mkewe.

"Lete mkono."

Mbeyu akaacha kucheka, akautoa.

Jumamosi Kyalo alinyolewa akasinzia kitini, akaamshwa ili asichelewe arusi yake. Kanisani hakuacha kujipapasa mashavu, wimbo mmoja hadi mwingine, mpaka mchungaji akamnong'oneza, "Bwana Kyalo, ushushe huo mkono, bibi arusi anautafuta avishe pete."