Nahau ya Tisa ya Mama Aline

Namshukuru Mungu aliyempa kila mwanadamu ulimi, na mimi akanipa uvumilivu wa kusikiliza.

Alhamisi asubuhi niliondoka Murang'a na daftari langu. Binti yangu Nyambura, anayeishi Kayole, alikuwa amenipigia simu. Jirani yake Mama Aline, mjane kutoka Burundi, angepokea wageni wa posa Jumamosi, na hakuwa na mwanamume wa kumsemea.

"Baba, mfundishe Kiswahili cha kikao. Wakimshinda kwa maneno, Aline ataolewa kabla hajamaliza chuo."

Jioni hiyo, nyumbani kwa Mama Aline ghorofa ya nne, nilimpa nahau kumi. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka mingi, basi nikamfundisha kama mistari ya kukariri: unatamka, kisha unataja namba. Ijumaa kutwa alizisema huku akiosha vyombo.

"Guka," Aline aliniambia, akiniita babu na kumtazama mama yake, "mathe sasa anaongea kama Biblia."

Nilidhani ananisifu.

Jumamosi saa nane wageni walifika wakihema kwa ngazi. Mama Aline akasimama.

"Karibuni mkae kitako. Nahau ya tatu."

Nikatazama kikombe changu. Msemaji wao, mzee wa kanisa kama mimi, akaitikia, "Amina."

"Nimepiga moyo konde kuwapokea. Nahau ya kwanza."

"Amina," wakajibu wote. Nyambura akakimbilia jikoni, nikamsikia akikohoa kwa muda mrefu.

Baada ya chai, msemaji akasema kwa upole, "Mama, kijana wetu amengoja sana. Tunaomba harusi mwezi ujao. Chuo ni karatasi tu."

Nikafungua daftari chini ya meza ili nimwonyeshe jibu. Hakunitazama.

"Mzee, binti yangu hafungi virago kabla ya kumaliza chuo."

Tukasubiri namba. Haikuja.

"Na hiyo ni ya ngapi?" mzee akauliza.

"Hiyo ni yangu."

Daftarini ilikuwa ya tisa, lakini nikalifunga. Mzee akamgeukia kijana wake, naye akasema hata yeye angependa mke aliyemaliza chuo. Wakakubali kungoja.

Jumapili, baada ya ibada, nilirudi Murang'a. Nilipofika nilichukua kifutio nikafuta namba zote kumi.

Nawe unayesoma, Mungu akupe neno siku utakapolihitaji, na asikuulize ni la ngapi.